Jiliwa Likianza Kuruka: Kutengeneza Thredi Zilizokwisha

Unakaza jiliwa, chuma kimebanwa vizuri, unaongeza robo mzunguko wa mwisho, mara unasikia "tak!" na kila kitu kinalegea. Unakaza tena, tak. Hapo fundi wa kawaida hufanya moja kati ya mambo mawili: anachomeka bomba kwenye mkono wa jiliwa ili kuongeza nguvu, au anamwita mchomeleaji wa jirani "aguseguse" kidogo. Bomba linamalizia thredi zilizokuwa zimebaki. Mchomeleaji naye anapasua mwili wa jiliwa, maana majiliwa mengi ni chuma cha kusubu, chuma chenye kaboni nyingi, na kikipata moto mahali pamoja kisha kikapoa haraka, kinatoa ufa pembeni mwa weldi. Wakati mwingine ufa huo unausikia kabla hujauona.

Jiliwa langu ni la mtumba, la inchi sita (hiyo sita ni upana wa taya, si urefu wa jiliwa), nililinunua Gerezani nikalibeba kwa bajaji mpaka Buguruni. Nilipolifunga mezani ndipo nikajua kwa nini muuzaji hakubishana sana bei. Skrubu kuu ilikuwa inaruka, bamba la meno (kile chuma cha kwenye uso wa taya) lilikuwa linacheza kwa sababu matundu yake yalikuwa hayana thredi, na bolti moja ya kitako ilikuwa imepondeka. Sehemu tatu, dawa tatu tofauti. Nitaeleza zote, ila ile ya matundu ya bamba ndiyo nitakayokaa nayo zaidi, kwa sababu ukiijua hiyo unaweza kuitumia kwenye klampu, randa ya chuma, stendi ya drili na vitu vingine vingi karakana nzima.

Neno moja kwanza: ile michirizi inayozunguka skrubu na ndani ya nati, kamusi zinaiita hesi. Mafundi wote ninaowajua wanasema thredi, nami nitasema thredi.

Jua kwanza kilichokufa ni nini

Usifungue kitu bado. Acha taya wazi kiasi cha vidole viwili, shika taya la mbele kwa mikono miwili, vuta na sukuma. Tazama pale skrubu inapopita kwenye taya la mbele. Kama skrubu imetulia na taya peke yake ndilo linalokwenda na kurudi, thredi zako hazina kosa. Ubovu uko kwenye washa, springi au pini inayoishika skrubu pale mbele, na hiyo ni kazi ya nusu saa. Kama skrubu inakwenda na kurudi pamoja na taya, basi ni nati au skrubu yenyewe.

Sasa fungua taya mpaka karibu na mwisho, urudie kuvuta na kusukuma. Vitu vingi tunavyobana ni vyembamba, kwa hiyo sehemu ya skrubu iliyo karibu na mkono ndiyo inayofanya kazi kila siku, na ile ya mwisho kabisa hukaa bure. Mchezo ukipungua taya likiwa wazi, skrubu imeliwa. Mchezo ukiwa uleule kila mahali, nati ndiyo iliyokwisha. Mara nyingi ni nati. Na ndivyo inavyotakiwa: hutengenezwa kwa chuma laini kuliko skrubu ili ife yenye bei nafuu kwanza.

Kisha toa. Zungusha mkono kinyume mpaka taya la mbele lote litoke, lakini weka kigoda au boksi la mbao chini yake kabla halijafika mwisho. Taya la inchi sita likikuangukia mguuni utasahau habari za thredi. Nati yenyewe iko ndani ya mwili wa nyuma, imeshikwa na bolti moja kwa chini au imekaa tu kwenye mfuo wake. Osha vyote kwa dizeli na brashi ya waya.

Skrubu ya jiliwa haifanani na bolti. Thredi zake ni nene, vichwa vyake vimekuwa bapa, na ubavu wake umesimama wima au umelala kidogo tu. Iweke mbele ya karatasi nyeupe juani uitazame kwa ubavu. Kama vile vichwa bapa vimechongoka kama meno ya msumeno, imeliwa. Nati huwezi kuiona hivyo, basi mulika kwa tochi ya simu, chokoa kwa waya uliopindwa ncha. Kwenye nati yangu ulitoka uzi wa chuma uliojisokota kama springi ya kalamu, urefu wa kidole. Hizo ndizo zilikuwa thredi.

Kupima, na kosa lililonigharimu nati nzima

Unahitaji unene wa skrubu na umbali kati ya thredi moja na nyingine, ambao mafundi wanauita pichi. Unene pima kwa venia (ile rula yenye taya mbili), tena pima sehemu ya mwisho isiyoliwa. Kwa pichi, usipime thredi moja, pima kumi kwa mpigo: weka ncha ya venia kwenye ubavu wa thredi ya kwanza, hesabu nafasi kumi, soma. Ukipata milimita 40, pichi ni 4. Ukipata 50, pichi ni 5.

Mimi nilitumia rula ya mwanafunzi, nikaona 50, nikaandika 5, nikaipiga picha skrubu kwa simu, nikaenda kwa mkerezaji mmoja (fundi anayechonga chuma kwa mashine), mtu mzima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Skrubu iko wapi?"

"Nimekuja na vipimo, mzee, na picha."

Akaitazama simu, akanitazama mimi. "Nati haiingii kwenye picha, kijana."

Nikang'ang'ania, naye akakereza kama nilivyoandika. Nilipofika Buguruni nati ikaingia mzunguko wa kwanza vizuri, wa pili kwa shida, wa tatu ikakwama kabisa. Skrubu ilikuwa ya inchi: thredi tano kwa inchi moja, yaani milimita 5.08 kila moja, na kumi ni 50.8. Kila mzunguko nati ilikuwa inakosa sehemu nane za mia za milimita, na kwa mizunguko mitatu zile sehemu zikatosha kuibana. Nilirudi na skrubu begani, na nati ya zamani mfukoni. Mzee hakusema kitu, na hilo liliuma kuliko angesema.

Kwa hiyo: peleka skrubu yenyewe, na nati ya zamani hata kama imekufa, kwa sababu umbo lake la nje ndilo linalokaa kwenye mwili wa jiliwa. Wakerezaji wapo Gerezani, wapo Vingunguti, na karakana nyingi za magari zinamjua mmoja. Kabla hujatoka nyumbani hakikisha jambo moja zaidi: geuza skrubu mzunguko mmoja kamili uone imesogea kiasi gani. Ikisogea mara mbili ya pichi, ina njia mbili za thredi, na mkerezaji lazima ajue.

Mwambie akutengenezee nati ya shaba ile ya kutengenezea bushi. Chuma kwa chuma vinalana. Shaba inateleza, na ikiisha inaisha yenyewe bila kuharibu skrubu. Kama nati yako ina miguu na matundu ya bolti, hakuna haja ya kuitengeneza nzima. Aitoboe ndani kwa mashine, aingize bushi ya shaba kwa kubana, aipige pini isizunguke, kisha akate thredi kwenye bushi. Umbo la nje linabaki lilelile na bei inashuka. Usilipe kabla skrubu haijapita nati yote kwa mkono, ikiwa na mafuta, bila kukwama na bila kutikisika ovyo.

Mfuko ukiwa mtupu kuna ujanja wa kusogezea siku. Jiliwa huvuta upande mmoja tu, kwa hiyo thredi za nati huliwa ubavu mmoja. Kama umbo la nati linaruhusu kuigeuza mbele nyuma, igeuze. Skrubu itaegemea ule ubavu mzima. Chuma kilicholiwa hakirudi, na mchezo utabaki, lakini kazi nyepesi utafanya. Kwa nati ambayo thredi zimeng'oka kabisa kama yangu, usijisumbue.

Skrubu iliyoliwa nayo ni ya mkerezaji, na bei yake huumiza. Kama imeliwa kidogo, badilisha nati tu, vumilia mchezo kidogo taya likiwa karibu kufunga.

Matundu ya bamba la meno

Hii unaifanya mwenyewe. Kila taya lina bamba la chuma kigumu lenye mikwaruzo, limeshikwa na skrubu mbili zenye kichwa kinachozama. Bamba likilegea, kazi inateleza, mtu anakaza zaidi, na huko ndiko skrubu kuu inakofia. Nina hakika jiliwa langu lilianza kuugua hapa.

Kwanza jua ni thredi gani. Mafundi wetu huita bolti kwa spana yake, na hesabu ni hii: spana 10 ni M6 (yaani bolti yenye unene wa milimita 6), spana 13 ni M8, spana 17 (au 16 kwa zile za siku hizi) ni M10, spana 19 ni M12. Lakini skrubu za bamba hazina kichwa cha spana, hivyo pima unene kwa venia. Ukisoma karibu na 8, usishangilie bado. Inaweza kuwa M8, yenye pichi ya 1.25, na inaweza kuwa ya inchi tano ya kumi na sita (5/16), ambayo ni milimita 7.94, yenye thredi 18 kwa inchi. Chukua nati unayoijua ni M8, iingize kwa vidole. Ikienda mpaka mwisho ni M8. Ikienda mizunguko miwili ikagoma, ni ya inchi, na wewe acha kulazimisha.

Halafu jaribu dawa ndogo kabla ya kubwa. Pengine thredi zipo, zimejaa kutu na uchafu tu; huku kwetu upepo wa bahari hauachi chuma salama. Pitisha tapu ya M8 kwa mkono, taratibu. (Tapu ndicho kile chuma chenye meno kinachokata thredi ndani ya tundu, dai ni ndugu yake anayekata kwa nje.) Kama tundu ni refu kuliko skrubu, chokoa uone: thredi za ndani kabisa huwa hazijaguswa, na skrubu ndefu kidogo inamaliza mchezo hapohapo.

Ikishindikana, watu husema panua tundu, weka skrubu ya M10. Kwenye taya inawezekana. Kwenye bamba ndipo utakapokwama, kwa sababu bamba limekaushwa kwa moto na biti ya kawaida itateleza juu yake mpaka iwe nyekundu. Njia ninayoipenda mimi ni kuziba tundu kwa bolti na kutoboa upya:

1. Toboa tundu bovu kwa biti ya 8.5, kisha ya 10.2, ambayo ndiyo kipimo cha kukata thredi za M12. Kanuni ya kukumbuka ni unene wa bolti kutoa pichi: M12 ina pichi 1.75, inabaki 10.25. Funga utepe wa karatasi wenye gundi kwenye biti kuonyesha kina, usije ukatokea upande wa pili. Chuma cha kusubu hakitoi nyuzi, kinatoa unga mweusi, na hakihitaji mafuta. Vaa miwani, na usipulize unga kwa mdomo. Utaukuta wote machoni. Sumaku ndani ya mfuko wa nailoni inautoa vizuri.

2. Kata thredi kwa tapu za M12. Seti kamili ina tapu tatu: yenye mduara mmoja shingoni ni ya kuanzia, yenye miduara miwili ni ya kati, isiyo na mduara ni ya kumalizia mpaka chini. Ukinunua moja tu utapewa ya kati au ya mwisho, na ndiyo maana utaanza mshazari. Isimamishe kwa skweya pande mbili baada ya mizunguko miwili ya kwanza, maana baada ya hapo haitanyooka tena. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma, nusu mbele, robo nyuma. Ile robo ya kurudi ndiyo inayokata chembe zisisongamane.

3. Tafuta bolti ya M12 iliyo laini. Soma kichwani: ikiandikwa 8.8 iache, ni ngumu bure, itakusumbua kuitoboa. Ya 4.6 au 4.8 inatosha. Osha bolti na tundu kwa petroli, paka gundi ya kufungia bolti, ikaze mpaka chini. Ikikauka, ikate kwa msumeno karibu na uso wa taya, malizia kwa tupa iwe sawasawa na chuma kilichoizunguka. Piga panchi mbili tatu kwenye mstari ambapo bolti inakutana na taya, isije ikazunguka.

4. Rudisha bamba mahali pake na tumia tundu la bamba kuweka alama. Usipime kwa rula. Bamba ndilo linalojua skrubu inatakiwa kupita wapi. Piga panchi katikati ya alama.

5. Toboa kwa biti ya 6.8, kisha kata thredi za M8. Sasa unakata feleji, hivyo weka mafuta. Oili chafu ya injini inafaa ukikosa nyingine. Ukuta utakaobaki kati ya thredi mpya na za nje ni kama milimita moja, na inatosha, kwa sababu nyuma yake kuna mwili wote wa taya.

Zipo pia springi ndogo za kuvalisha tundu, zile wanazotumia mafundi wa injini kwenye tundu la plagi. Ni kazi safi na ya haraka, lakini zinahitaji tapu yake maalumu, si ile ya seti yako, na si kila duka la Kariakoo litakuwa nayo. Ukimpata fundi wa vichwa vya injini mwenye kisanduku chake, mlipe afanye.

Tapu ikikatikia ndani, vuta pumzi. Ni ngumu kuliko biti yako, usijaribu kuitoboa. Ilivyo ngumu ndivyo ilivyo rahisi kupasuka: igonge kwa panchi kali uivunje vipande, utoe kimoja kimoja kwa koleo nyembamba. Kuna watu watakwambia uchemshe maji ya shabu umwagie, na kwa kitu cha alumini wako sahihi kabisa, shabu inakula feleji na kuiacha alumini. Jiliwa lako ni chuma. Shabu itakula mgeni na mwenyeji.

Bolti za kitako

Bolti iliyopondeka thredi, nunua nyingine. Bei yake ni ya soda.

Isipokuwa kama ni ndefu ya ajabu au ina kichwa cha umbo lake ambacho hukipati dukani. Hapo chukua nati ya saizi hiyo, ipasue katikati kwa msumeno upate vipande viwili. Vivalishe kwenye thredi nzima, chini ya zile zilizopondeka, vibane pamoja kwa koleo ya kujifunga, tia mafuta, kisha zungusha kwa kutoka nje. Nati iliyoanzia kwenye thredi nzima inaifuata njia yake yenyewe na kuzinyoosha zile mbovu ikipita. Dai inayoanzia kwenye ncha iliyopondeka huwa inakata njia mpya juu ya ile ya zamani, na hapo bolti imekwisha kweli.

Kurudisha

Kabla ya kuunga, amua utalilainisha kwa nini. Mimi nimeacha kutumia grisi kwenye skrubu kuu, kwa sababu karakana yangu ina grenda, na vumbi la grenda likichanganyika na grisi unapata msasa wa maji unaozunguka ndani ya nati siku nzima. Natumia oili nyepesi, nafuta kila Jumamosi, na ninaposaga chochote juu ya jiliwa naifunika skrubu kwa kitambaa kilicholowa. Kama wewe ni seremala na huna grenda, grisi yako haina tatizo.

Ingiza nati, kaza bolti yake nusu tu. Sukuma taya ndani, shikisha skrubu, zungusha mpaka taya zikaribie kugusana. Nati itajipanga yenyewe kufuata skrubu. Hapo ndipo unakaza bolti ya nati kabisa. Ukiikaza mwanzoni, nati ikiwa imekaa mshazari kidogo, itaanza kuliwa siku ya kwanza.

Bana kipande cha chuma bapa kwa mkono mtupu, bila bomba. Chora mstari wa chaki kutoka kichwa cha skrubu kuu mpaka kwenye taya. Gonga kile chuma kwa nyundo mara ishirini, kama unavyogonga siku ya kazi, kisha tazama chaki. Mstari ukikatika, bamba au nati bado haijakaa vizuri. Fungua uangalie bolti zake. Wangu ulibaki umenyooka, na nilipoulegeza mkono nikasikia mlio mzito wa shaba ikiachia chuma, bila tak.